Dirisha la Zana

Saa moja na nusu asubuhi, Hull, Januari.
Giza bado limekaa. Upepo wa Mto Humber unapekua makoti
kama askari wa zamu.
Nafungua dirisha la stoo. Foleni ishajipanga,
pumzi zao nyeupe zinanifikia kabla ya salamu.

Witold anataka tindo. Naigeuza kwenye taa:
kichwa kimechanua kama uyoga,
kingo zimepasuka, zinangoja pigo moja tu
zirushe kipande cha chuma kwenye jicho la jirani.
Hii haitoki, nasema.
Anaapa kwa Kipolandi. Nampa nyingine.

Callum, mwanagenzi, miaka kumi na tisa,
anaomba bisibisi. Ya nini?
Kubandulia kifuniko cha kopo la rangi.
Basi chukua kifungulio cha makopo. Bisibisi ina kazi moja,
kiganja chako kina kazi nyingi.
Anacheka. "Sawa, Mish."
Mishi, namsahihisha. Hiyo i ya mwisho haiumi mdomo.

Nilikolelewa mimi, kila msumari uliotoboa kiatu,
kila nyundo iliyochomoka mpinini ikaruka,
tuliifunika kwa sentensi moja: ajali haina kinga.
Mjomba Kombo alipojikata dole gumba
tulisema hivyo hivyo, tukanywa chai,
na msumeno ukarudi kazini na meno yake yale yale mabovu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeyaona yale meno.
Sikusema. Mtoto wa kike angesema nini juu ya msumeno?

Sasa naibishia ile methali kila siku
kwa tupa, kwa kinoo, kwa kabari ndogo ya mpini.
Kinga ipo.
Mara nyingi ni neno "hapana"
ukimwambia mtu mwenye haraka
huku msimamizi anatazama saa yake.

Kwenye mlango wa stoo nimeandika kwa rangi nyekundu:

*Nyundo yenye kulegea, rudisha, niikazishe,*
*Patasi ikilemea, dirishani ifikishe,*
*Miwani ukipokea, usoni uikalishe,*
*Kidole kikipotea, ni nani akirudishe?*

Hakuna anayeisoma. Wanadhani ni dua.
Witold huugusa mlango kila akipita, kwa tahadhari,
na mimi simwambii kitu.

Ken ndiye mkongwe wao, seremala,
mkono wa kushoto una vidole vinne.
Cha shahada alikiacha Grimsby, ujanani:
patasi butu, na mbao ameishika mkononi
kwa sababu jiliwa lilikuwa mbali.
Mbali kiasi gani? nilimuuliza.
Akafikiri. Akapima kwa macho.
"Hatua kumi na mbili," akasema,
akaendelea kula sandwichi yake.

Leo hakuna kilichotokea.
Kitabu cha ajali kipo rafuni, ukurasa mweupe,
na ukurasa mweupe haumpi mtu sifa.
Nani atakushukuru kwa damu isiyomwagika?
Msimamizi ananiambia nimewachelewesha dakika tisa.
Namwambia ni kweli.

Saa kumi jioni giza limesharudi.
Wanapanga foleni tena, wamechoka, wanarejesha zana.
Kwa sauti nahesabu vyuma:
nyundo sita, tindo tatu, kisu kimoja,
na wembe wake umerudishwa ndani, Callum, vizuri.
Kimoyomoyo nahesabu kingine.
Watu saba, mikono kumi na minne
inapita chini ya taa yangu, myeusi kwa grisi, myekundu kwa baridi.

Sitini na tisa.
Nahesabu tena, taratibu.
Sitini na tisa.
Wametimia. Nafunga dirisha.