Te ya Mwisho

Jumanne na Alhamisi nafunga duka saa kumi na moja,
makufuli matatu, Narung'ombe bado inachemka,
naenda Upanga, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa,
kujifunza Kifaransa na miaka yangu hamsini na miwili.
Wenzangu darasani wanafuata viza.
Mimi nafuata mnong'ono.

Maana wateja wangu wa Lubumbashi Kiswahili wanakijua,
cha kwao, kitamu, cha kuniita mama huku wakishusha bei;
ila wakishakikunjua kitenge na kukipapasa pindo
wanageukia ukutani, wanahamia Kifaransa,
nami nabaki na mkasi mkononi, mgeni dukani kwangu.
Tangu nitoke eda wananong'ona zaidi.
Nikasema, hawa wananila.

Mwalimu Kokushubila haonei mtu huruma.
"Pua ifanye kazi. Semeni *bon*. Semeni *pain*. Semeni *vent*."
Tunasema. Chumba kizima kina mafua.
Ile *u* yao, anasema, chonga mdomo kama wa kupiga mluzi,
halafu ndani yake tamka *i*.
Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo cha kabati;
mjukuu akakimbia kumwambia mama yake
bibi anataka kumbusu shetani.

Meza ni mwanamke. Kisu ni mwanamume. Uma, mwanamke.
Nikauliza, nani alivikagua?
Mwalimu hakucheka.
Lakini nasi, niliwaza njiani,
tumemweka kipofu na kiziwi ngeli moja na kiti na kikombe.
Kila lugha na foleni yake, na dhambi zake za kupanga foleni.

Tisini kwao ni ishirini mara nne, jumlisha kumi:
hesabu ya mkopeshaji.
Sabini ni sitini-na-kumi. Niliikariri wiki nzima,
Maman Kapinga alipokuja nikammiminia: *soixante-dix!*
Akacheka mpaka akakalia robota.
"Eh, Mama Tunu! Kwetu ni *septante*.
Hiyo yako ni ya Paris."
Ada ya mwezi, nikaiona inapita dirishani.

Jambo moja tu lilinikaa bila kulazimishwa.
*J'ai cinquante-deux ans*. Nina miaka.
Kumbe Mfaransa naye miaka yake anayo, kama mtu mwenye mbuzi.
Ila yeye anayo, basi.
Sisi tuko *nayo*, tunaongozana nayo,
kwetu kumiliki kitu ni kuwa pamoja nacho.
Zoezi la tano: tunga sentensi ya wakati uliopita.
Nikaandika, *j'avais un mari*.
Nilikuwa na Sudi.
Zoezi la sita sikulifanya.

Halafu kuna herufi bubu.
Kiswahili hakina anasa hiyo; kwetu kila herufi inafanya kazi.
Lakini *ils parlent*, wanazungumza, tena wengi,
na watatu wa mwisho wamenyamaza
kama mashahidi waliokwishapewa bahasha.
Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni, bila kunitazama mimi wala mtu:
*elle est morte. Il est mort.*
Akifa mwanamke, te inagonga.
Akifa mwanamume, te ipo, iandike,
usipoiandika nakunyima maksi,
lakini usiitamke.

Juzi Maman Kapinga amekuja na mkwewe, Mbuyi,
binti mwenye kucha ndefu na kikokotoo.
Wamekunjua. Wamepapasa. Wamegeukia ukuta.
Nami nikajifanya natafuta chaki.

*Elle exagère*, alianza binti, na hilo nikalidaka, nikajiandaa.
Kisha sauti ya mama mkwe, chini, kavu:
*Son mari est mort. Ne discute pas. Paie.*

Nikaisubiri ile te.
Haikutoka, kama tulivyofundishwa.

Wakageuka. "Mama, tunachukua," kwa Kiswahili chao kitamu.
Sikuwajibu kwa lugha yoyote.
Nikapima yadi sita.
Nikaongeza moja.
Nikakata.