Soja wa Tarakilishi

Luthuli, ghorofa ya pili, kijana wa duka
alinipangia visanduku kama dawa za minyoo:
hiki elfu mbili na mia tano, mwaka mzima,
hiki nafuu kidogo, ila mashine itakohoa,
na hiki (akainama, sauti ikashuka)
mia mbili tu, mama. Kimefunguliwa.

Kimefunguliwa na nani?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Plotini kwetu Umoja tuliwahi kuajiri soja wa bei hiyo.
Alikuwa na rungu, koti refu, firimbi ya shaba.
Mtungi wa gesi wa Kerubo ulitoka langoni usiku
yeye akiwa ameshika upande mmoja,
akimwambia mwizi, pole, ni mzito.

Na ndani ya mashine yangu mna nini?
Barua za watu ninazochapa shilingi thelathini ukurasa,
risiti za chama, wasifu wa kazi wa vijana
ambao bado hawajaitwa,
na dada yangu, picha arubaini na moja,
akicheka kabla ya hospitali.
Hizo hazina nakala.

Nikahesabu noti mara mbili. Nikalipa zile elfu mbili na mia tano,
nikarudi nyumbani kwa miguu, kisanduku kwapani.

Jioni taa ya kijani imewaka kwenye kona ya kioo.
Ombati anachomeka flashi ya rafiki yake wa shule.
Soja mpya anasimama, anauliza kwa adabu:
Huyu ni wenu? Nimruhusu?

Natoka jikoni mbio, mikono ina unga.
Ombati ameshabonyeza Ndiyo.