Kanuni ya Saba

Tuliziandika kwenye daftari la Milembe,
lile la madeni ya soda na vocha, ukurasa wa nyuma,
kwa kalamu isiyotoa wino
mpaka uipulizie pumzi, kama unayepasha mtoto vidole.

Ya kwanza: wanne kwa wanne.
Ya pili: wote mita elfu tatu,
hakuna kuanza juu ya utosi wa mwenzio.
Ya tatu ilitukesha.
Lutobeka ana ndege ya kulipia,
injini yake haingurumi, inacheka,
na sisi tunarusha yale mabati ya bure.
"Nimeinunua kwa zamu za usiku," alisema,
"nikichuna sangara kiwandani, mikono barafu.
Haki gani hiyo inayoniambia niiache bandani?"
Hakuna aliyemjibu.
Tukaandika: ndege za aina moja.
Akatia saini ya mwisho, ndogo kuliko zote.

Ya nne, anayetua hapigwi.
Ya tano, jua la mgongoni ni la zamu.
Ya sita, matusi ruksa, ila ya mzazi hapana.

Tukadhani tumemaliza.

Jumanne, raundi ya tatu na Bukoba,
umeme ukakata Pasiansi yote.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikachoka.
Simu ya Milembe tu ndiyo ilibaki ikitazama pambano,
tukaisonga, vichwa vinne juu ya kioo chenye ufa,
tukaziona ndege zetu
zikienda zenyewe, sambamba, mabawa yamenyooka,
juu ya bahari isiyo na jina,
na adabu ya watoto wanaopelekwa sindano.
Bukoba wakazidungua moja moja.
Hawakuwa hata na haraka.

"Umeme wenu si adui yetu," Rwezaura alisema tulipompigia,
"vita haiulizi nani kaishiwa luku."
Tukamwita mwewe. Tukamwita korongo wa Mwaloni, mla matumbo ya samaki.
Kashindye peke yake hakusema kitu.
Baadaye, akifunga komeo:
"Machi tuliwapiga wao watatu, hivyo hivyo, gizani.
Tukala chipsi mayai. Wewe ndiye uliyelipa."

Ni mimi niliyelipa.
Na mishikaki niliongeza.

Basi ya saba niliiandika mimi:
Ndege isiyo na mtu isipigwe. Isindikizwe.
Mtikisie mabawa; asipojibu, kaa ubavuni pake,
hesabu mpaka tisini.
"Na mwongo je," Lutobeka akauliza, "akijifanya amekatikiwa?"
"Basi mwongo atakuwa amesindikizwa."
Bukoba wakajibu kwa neno moja: Sawa.

Jumamosi mvua ilianza kwao, ng'ambo.
Tumebaki wawili hewani, mimi na Rwezaura,
yeye katikati ya duara langu la shabaha,
mara ndege yake ikanyooka.
Nikatikisa mabawa. Kimya.
Kidole changu kiliikumbuka Jumanne.
Nyuma yangu Lutobeka alikuwa anapumua kwa mdomo.
Nikapunguza mwendo, nikasogea ubavuni pake.
Moja. Mbili.
Wadudu wa ziwa walikuwa wamejaa kwenye skrini
wakitembea anga lote bila ruhusa ya mtu.
Hamsini. Ndege ya kweli ikapita juu ya paa kwenda kutua,
chupa zikagongana kwenye kreti.
Sabini na nne,
bawa lake la kushoto likashuka, likapanda.
Amerudi! Milembe akapiga makofi.
Akanitikisia tena, kwa heshima zote,
akapunguza mwendo, akawa nyuma yangu,
akanidungua.

Kanuni haisemi chochote juu ya msindikizaji.
Tumeisoma mara tatu.
Lutobeka anacheka mpaka anashika meza.
Kashindye amefungua daftari,
ananisogezea kalamu.
Naipulizia.