Daftari la Nywila

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa.
Inaingia dukani pamoja na wateja,
inalowesha vyeti ndani ya mifuko ya sukari.
Mimi natoa kopi, nauza kalamu, napiga picha za pasipoti
mbele ya shuka la bluu lililopigiliwa ukutani,
na tangu matokeo yatoke, naombea watu vyuo.

Nina daftari lenye jalada jekundu.
Humo zimo nywila za nusu ya kata.
Atupele katumia jina la ng'ombe wao,
Gwakisa namba ya simu ya marehemu baba yake.
Wakisahau, wanakuja kwangu.

Leo kaja Mzee Ambokile, nyuma yake Tusekile,
kemia C, baiolojia B, hesabu tusiiseme.
"Mwandikie chuo," anasema,
kama anayesema nipimie unga.
Chuo kipi, mzee?
"Kwani viko vingapi? Kile chenye joho."

Nikamsogezea kigoda.
Mzee, wewe una viazi kule Isongole,
una parachichi, una chai huku chini.
Kiazi kinakulipa kabla hujamaliza deni la mbolea.
Parachichi linakukalisha miaka, unalitazama tu.
Chai ukishaipanda watachuma wajukuu.
Ulishawahi kumwambia mtu, nipe mmea, mmea wowote?

"Kwa hiyo binti yangu ni kiazi?"

Tusekile akacheka. Ndiyo sauti yake ya kwanza tangu waingie.

Nikaanza upya, bila shamba safari hii.
Kuna chuo ambacho mwalimu wako ni mashine,
ukikosea inakukata kidole.
Kuna chuo ambacho nusu ya darasa iko wodini,
na usiku wa zamu hauandikwi kwenye fomu.
Kuna chuo kikuu, ukumbi wa watu mia nne,
unamwona mhadhiri kwa mbali kama kilele cha Rungwe,
siku nyingine humwoni kabisa.
Huko hawampokei kwa kidato cha nne peke yake,
lakini stashahada nayo ni ngazi, asiyechoka hufika.
Na kuna chumba juu ya duka la nondo,
kina kibao, kina bendera, usajili hakina;
mwaka jana kilimeza laki nane za kina Mwakalinga
kikahama usiku na viti vyake.

Hapo printa ikakwama.

Akaja Lugano, kijana wa ufundi stadi,
bisibisi mfukoni, matope hadi magotini.
Akaifungua, akaipuliza, akaichokoa kwa kipande cha waya.
Dakika kumi na moja. Elfu kumi na tano.
Tangu asubuhi mimi nilikuwa na elfu tisa.

Mzee akainua macho juu ya kabati la karatasi,
kwenye fremu yenye vumbi.
"Na ile ya nani?"
Yangu. Sosholojia. Miaka mitatu.
"Ilikufaa?"

Mvua ilijaza bati lote.
Ningeweza kumdanganya, nina maneno ya kutosha.
Sijui, mzee, nikasema.
Siku nyingine naiona deni, siku nyingine dirisha.
Ilinifundisha kumuuliza mtu kabla ya kumwandikia,
na tazama, nusu saa nzima
sijamuuliza huyu.

Tusekile alikuwa anakunja ncha ya kitenge.
"Maabara," akasema. "Bibi alitibiwa malaria miezi miwili,
kumbe haikuwa malaria.
Nataka niwe yule anayetazama."

Mzee akanyamaza, akahesabu noti zake, akazihesabu tena.
"Joho lipo huko?"
Lipo, mzee. Na kabla ya joho, koti jeupe.
"Basi andika."

Nikaandika. Tukafika kwenye nywila.
Nikalifungua daftari jekundu, kalamu tayari.
Binti akaweka kiganja juu ya ukurasa.
"Hii," akasema,
"nitaikumbuka mwenyewe."