Hulala, Amelala

Mahakama ya Ibra, kiyoyozi kinakohoa,
na mimi katikati, koo la watu wawili.
Nilizaliwa Ng'ambo, nimezeekea hapa.
Nimeapa nisiongeze wala nisipunguze,
kama sonara mbele ya mizani.

Mshitakiwa: Mbaruku Shedafa, wa Pangani,
dereva wa lori la maji.
Marehemu: Rofikul, mtunza bustani,
aliyetandika gunia nyuma ya magurudumu
saa nane mchana, mwezi wa Juni,
kivuli mtaani kikiwa ni hicho tu.

Sheria ya hapa ni kabati la droo tatu.
Juu jinai. Katikati junha.
Chini kabisa mukhalafa, vijikosa vya faini.
Sisi tuliichukua jinai tukaivisha kila kesi,
hadi ya mwizi wa kuku;
huku limebaki neno zito, halitamkwi ovyo.
Na kinachochagua droo si kifo,
kifo ni kile kile, gunia ni lile lile.
Ni swali: moyoni mwako mlikuwa na nini?

Karani akasoma. Nikamwambia:
"Unashitakiwa kuua kwa uzembe."
Akanitazama mimi, si hakimu.
"Uzembe? Mama, mimi naamka saa tisa usiku.
Siku ile nilijaza matangi kumi na moja kabla ya adhuhuri.
Mzembe gani huyo?"
Nikatafuta neno jingine. Kughafilika? Kukosa hadhari?
Kiswahili chetu kimemlaza mzembe kitandani,
hakikumfikiria aliyechoka kwa kazi.
Hakimu akauliza, amesema nini?
"Anasema yeye si mvivu."
Ikaandikwa.

Kisha habari ya king'ora,
kile kinacholia lori likirudi nyuma.
Nani aliukata waya?
"Mimi."
Kwa kukusudia?
"Makusudi kabisa. Majirani walilalamika,
mtoto wa Bi Thuwaiba alikuwa na homa.
Niliukata kwa koleo ili watu wapate kulala."
Nikaisikia kusudi ikitoka kinywani mwangu,
ikirudi Uarabuni kama binti aliyeolewa mbali
anayebisha hodi kwa wajomba,
na mwendesha mashitaka akanyanyua kalamu.
Alikusudia waya. Hakukusudia mtu.
Lakini waya una ncha mbili.

"Ulijua kwamba watu hulala kwenye kivuli cha lori?"

"Nilijua watu hulala. Sikujua yeye amelala."

Hapo ulimi wangu ukasita.
Hulala: ada ya watu, jua la kila siku.
Amelala: huyu, sasa hivi, kichwa kwenye gunia,
ndara moja imemvuka mguuni.
Kati ya hu na me hapapiti hata uzi,
na mle ndani wamo mtu na miaka yake.
Ningeweza kusema yanamu kwa yote mawili,
kitenzi kimoja, pumzi moja: alijua.
Saa ya ukutani ilikuwa saba kasoro.
Watu wana njaa, mafaili yamejaa.

Niliomba dakika. Nikaeleza kila silabi
kama mtu anayetoa miba ya samaki.
Hakimu akavua miwani, akaivaa.

Mbaruku hakungoja kuulizwa.
"Hata hivyo, kosa ni langu."

Kosa. La mwanafunzi kwenye imla ni kosa,
la muuaji ni kosa,
na anayefika kituoni basi limeondoka, naye amelikosa.
Nilichagua khataa, mkono uliopotea shabaha.
Sikuchagua jarima.
Nilichagua kwa kujua, au kwa huruma, au kwa uchovu?
Hakuna aliyeniuliza, na droo zilikuwa zimefunguliwa
kwa ajili ya mwingine.

Hukumu ni Jumapili.
Nimejilaza nyumbani, pazia limeshushwa.
Nje kuna lori la maji linarudi nyuma,
linalia, linalia,
na mtaa mzima tumekosa usingizi.