Vipimo vya Kisebusebu

Paka wa nyumba haingwa, walisema waliotutangulia.
Juu ya paka wa paa walinyamaza,
basi mimi, fundi nguo wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nimejitungia sheria.
Usimwite.
Weka sahani, geuka, shona.
Mtu akitazamwa anakula hushiba upesi;
huyu akitazamwa hali kabisa.

Jina lake Kisebusebu. Nalitaja akiwa hayupo.

Vichwa vya changu huniletea Mbwana kutoka Deep Sea,
wala si sadaka: suruali zake zote zina viraka vyangu.
Bi Mwanashaha wa ng'ambo ya mtaro huniuliza
kama sina wajukuu wa kulisha.
Ninao wawili, wako Muheza,
na wanajua kushika kijiko.

Mwaka wa kwanza, alipokwisha kula akaenda zake,
nilitandaza futi sakafuni, toka mguu wa cherehani
hadi pale alipokaa kunisubiri nigeuke.
Inchi sitini, rudia, rudia, na kidogo tena.
Nikaandika ukutani kwa chaki, chini ya wateja:
Hatibu, kiuno thelathini na nne.
Mama Zainu, bega kumi na tano.
Kisebusebu, futi kumi na sita.

Mwaka wa pili, kumi na moja.
Wa tatu, masika yalipopiga mabati usiku kucha,
akazalia ndani ya gunia langu la vipande,
juu ya mabaki ya sare za shule.
Wanne. Asubuhi ya tatu, wawili.
Niliwazika chini ya mpapai kwa pindo la kanga
lisilo na jina juu yake.
Na yule paka shume mwenye jicho moja
alikuwa ameshaanza tena kuimba darini.

Ndipo nikamwita Daktari Semboja.
Alikuja na tundu la waya na kopo la samaki.
Kopo nilikataa. Niliweka sahani yake mwenyewe,
kwa mkono anaoujua,
nikageuka, nikashona.
Mlango ulipoanguka alitoa sauti moja.
Miaka thelathini nachana vitambaa,
sijasikia kinachochanika vile.

Kabla dawa haijamtoka niliruhusiwa kumwona.
Mara ya kwanza kumgusa: mwepesi kuliko pamba ya mto.
Nilimkagua daktari mshono wake.
Mdogo, sawasawa, fundo limefichwa.
Ningemwajiri.
Ncha ya sikio la kushoto ameikata,
kama nikatavyo mimi alama pembeni mwa kitambaa,
atakayekishika baadaye ajue kazi imeshafanyika.

Nilipomfungulia hakugeuka nyuma.
Ukuta, bati, kimya.

Siku moja. Nne. Saba.
Kunguru walikula vile vichwa wakanidharau.
Niliharibu kola mbili za Hatibu.
Siku ya tisa Bi Mwanashaha alivuka mtaro,
mkononi bakuli la dagaa lililofunikwa kawa.
"Kwangu pia hajaja," alisema. "Nimejaribu tangu Jumatatu."
Nikatazama bakuli. Lilikuwa na pengo ukingoni,
na alama za ulimi wa zamani,
za miezi, labda za miaka.
Tuliketi barazani. Hatukulizungumza hilo.

Siku ya kumi na mbili alikuwa pale.
Si ukumbini: ng'ambo ya mtaro, chini ya ngazi ya Bi Mwanashaha,
sikio lake fupi likinielekea.
Alipoondoka tulipima wawili,
yeye kashika ncha moja ya futi, mimi nyingine,
magoti yakitulia kama vitasa vikavu.
Ishirini na mbili.
Nikaandika. Zile kumi na moja sikuzifuta.

Leo, ishirini na moja na nusu.
Mwenzangu anasema nusu hiyo ni upepo,
umesogeza sahani.
Huenda.
Nimeirudisha sahani palepale.
Nimegeuka.
Nashona.