Upande wa Abiria

Magamba, Julai, saa kumi na mbili kasorobo.
Karakana yangu ni mabati saba na nguzo za mkaratusi.
Foleni imeshaanza,
pua zinavuja, za watu na za rejeta.

Shekivuli wa Lukozi ana Fuso ya karoti.
"Fundi, haiwaki. Tumeisukuma watu sita,
wa saba akajifanya anafunga kamba ya kiatu."
Naigusa betri: baridi kama tumbo la chura.
Na dizeli, asubuhi kama hii,
haina haraka na mtu.

Mwalimu Kilua hashuki, analalamikia dirishani:
waipa zake zinapaka, hazifuti,
kona za Soni kazipita kwa kukisia,
kichwa nje kama mbuzi apelekwaye mnadani.
Sista Perpetua kasugua kioo kwa sabuni ya mche.
Mwingine kwa tumbaku. Mwingine kwa kiazi kibichi,
sasa gari linanuka chipsi
na barabara bado haioni.

Nawauliza swali moja: gari ulinunua wapi?
Tanga mjini.
Enhe.
Fundi wa kule, atokaye jasho hata akilala,
aliuona mpira wa hita akacheka,
akaukata, akauziba kwa boliti.
"Hita ya nini? Unataka kuchemsha mayai?"
Gari likaupanda mlima bila pafu.

Ukungu wa nje ni wa Mungu, nawaambia,
huo sina spana yake.
Huu unaoufuta kwa kiganja ni pumzi yako mwenyewe.
Fungua dirisha kidogo, vumilia baridi, utaona.
Hawapendi.
Mtu huja kwa fundi aambiwe kosa ni la gari.

Bi Zahabu Mnkande alisubiri wapungue.
Corolla nyeupe, safi, mlango mmoja wa rangi nyingine.
"Ukungu unaingia upande wa abiria tu," alisema.
"Wangu mkavu."
Nikasema tutaangalia.
Akasema, "Marehemu alikaa pale miaka kumi na tisa.
Kuendesha hakutaka kujifunza.
Alikuwa akipiga hesabu za duka kiooni, kwa kidole,
mimi nikimgombeza kwamba anachafua."

Nikachungulia.
Kidole kina mafuta yake, na kioo hakisahau mafuta.
Ukungu ulipotanda, tarakimu zilisimama:
*sukari 14. chumvi 2. mafuta ya taa*
halafu mstari, halafu jina la mtu.
Toka Aprili, alisema, zinarudi kila alfajiri.
Upande ule hajaufuta.

Niliinama. Zulia limelowa.
Nikanusa: utamu, kama juisi iliyolala.
Kirejeta cha hita kimetoboka, nikamweleza,
maji ya injini yanageuka mvuke, yanapanda hapa.
Aliitikia kila neno kama anayesomewa wosia.
"Ukiziba, kitakauka?"
"Kitakauka."
"Na hesabu?"

Nimebadilisha gasketi gizani,
nimefungua gia boksi kwa tochi ya simu mdomoni.
Nikabaki nafuta spana ambayo haikuwa chafu.

"Injini itachemka, Bi Zahabu. Iko siku itakuacha Mombo, kwenye jua."
"Basi niongezee maji."

Kila Ijumaa anakuja. Lita moja na nusu.
Kijana wangu Chambo aliwahi kuinua kitambaa mbele ya kioo kile,
nikampigia ukelele mpaka kuku wa jirani wakaruka.

Wiki iliyopita Shekivuli, akingoja Fuso yake ikubali,
alizungukazunguka, mikono kwapani,
akasimama mbele ya Corolla.
Akasoma kinyumenyume, midomo ikitembea:
sukari, chumvi,
mstari,
jina lake. Elfu tatu.

Hakusema neno.
Akavua glavu kwa meno,
akaanza kuhesabu noti kwa vidole vilivyokufa ganzi,
akakosea, akaanza upya.